Niliomba kuona daftari la mkaguzi

Sentensi yenyewe iko ukurasa wa saba wa ripoti ya ukaguzi wa shule yetu, aya ya pili: "Ufundishaji wa kusoma katika madarasa ya chini hauridhishi." Imeanzia hapo na kuishia hapo hapo. Haina mfano, haina idadi, haitaji somo lolote. Shuleni kwetu wanaofundisha kusoma madarasa ya chini ni walimu wawili tu, mimi wa darasa la pili na mwenzangu wa darasa la kwanza. Ripoti haikututaja majina, lakini kila mzazi aliyeisoma pale kwenye ubao wa matangazo alijua wanaosemwa ni akina nani.

Kesho yake mama mmoja alinisubiri getini. Mwanawe yuko darasani kwangu. Hakuja kwa shari. Aliniuliza kwa upole kabisa, "Mwalimu, hii 'hauridhishi' maana yake nini? Nimsaidie nini nyumbani?" Nilisimama pale nikakosa la kumwambia. Nimefundisha miaka 16 na swali la mama yule sikuwa na jibu lake, maana hata mimi ripoti haikunipa jibu. Nikamwambia nitauliza, nikipata jibu nitamletea. Miezi minane ya barua iliyofuata imetokana na ahadi ile ya getini.

Niseme mapema ili nisieleweke vibaya. Napenda shule zikaguliwe. Mtoto wa miaka saba hawezi kuandika malalamiko kwamba hafundishwi vizuri, na mzazi wake hayupo darasani saa tatu asubuhi. Lazima awepo mtu wa nje, asiyemwogopa mwalimu mkuu wala kumwonea haya mwalimu, anayeingia, anakaa, anaangalia. Nimewahi kufundisha shule ambayo haikuona mkaguzi kwa miaka mingi, na nilichokiona huko kilinifanya niamini hivyo zaidi. Kwa hiyo sikuwahi kuomba daraja letu libadilishwe, na katika barua zangu zote hutaona neno hilo. Nilichotaka kuona ni njia: mkaguzi aliona nini, akaandika nini, na alichoandika kiligeukaje kuwa ile sentensi ya ukurasa wa saba.

Ukaguzi wenyewe ulikuwa Jumanne na Jumatano, katikati ya mwezi Septemba. Walikuja wanne. Kwangu aliingia mmoja, siku ya pili, baada ya mapumziko, wakati nimeshaanza kipindi. Alisalimia kwa heshima, akaenda kukaa nyuma karibu na mlango, akaweka fomu zake magotini. Nilikuwa nasoma kifungu cha habari kwa sauti na watoto wanafuatisha kwa kidole. Baada ya hapo huwa nawagawa kwenye makundi, kila mtoto asome mwenyewe nami nipite kusikiliza. Alipoondoka tulikuwa hatujafika kwenye makundi. Sikuandika popote saa aliyoingia wala saa aliyotoka. Nilikuwa nafundisha, na haikunijia kwamba saa hizo zingekuwa na kazi baadaye.

Kwenye kikao cha mrejesho tulikaa ofisi ya walimu, kiongozi wa timu akazungumza kama robo saa. Alisifu usafi wa mazingira na mahudhurio. Kuhusu ufundishaji alisema kuna maeneo ya kuimarisha, na kwamba mengine tutayakuta kwenye ripoti. Mwalimu wa taaluma aliomba afafanue, akajibiwa kwamba timu bado haijakaa pamoja. Ripoti ilikuja Novemba.

Barua yangu ya kwanza kwa taasisi ya ukaguzi niliiandika vibaya, na nitaeleza ubaya wake kwa sababu najua walimu wengi wangeiandika vile vile. Nilianza, "Naomba kufahamishwa ni kwa nini ripoti imesema ufundishaji wa kusoma hauridhishi." Nikaeleza kwa kurasa mbili jinsi ninavyofundisha, semina nilizohudhuria, maandalio ya somo yaliyosahihishwa na mwalimu mkuu. Majibu yalikuja baada ya wiki tano, mistari minne tu: ukaguzi ulifuata taratibu zote, matokeo yalijadiliwa na timu, taasisi inasimama na ripoti yake, nashukuriwa kwa ushirikiano.

Niliisoma barua ile mara nyingi nikitafuta kosa, kisha nikampelekea shemeji yangu, ambaye amefanya kazi masjala ya mahakama tangu sijaolewa. Alisoma yangu, akasoma yao, akavua miwani.

"Shemeji, umewauliza nini?"

"Nimewauliza kwa nini."

"Ndiyo maana. Ukimuuliza mtu kwa nini, anakujibu anavyotaka, na atakuwa amekujibu. Usiwaombe sababu. Waombe karatasi. Karatasi ama ipo ama haipo."

Sijui kama kuna ushauri mwingine niliowahi kupewa uliofanya kazi kiasi hicho. Nilipoanza kusoma kuhusu sheria za haki ya kupata taarifa nikakuta alichosema ndicho kiini chake. Sweden iliweka haki ya wananchi kuona nyaraka za serikali katika sheria yake ya uhuru wa uchapishaji ya mwaka 1766, na kilichozungumzwa tangu wakati huo ni nyaraka: kitu kilichokwisha kuandikwa, kilichoko kwenye jalada. Kwetu Afrika Mashariki Uganda ilitunga sheria yake mwaka 2005, Kenya na Tanzania zikatunga zao mwaka 2016, na Kenya haki hiyo ilikuwa tayari imo kwenye Ibara ya 35 ya Katiba ya 2010. Siku za kujibu zinatofautiana. Kenya na Uganda ni 21, Tanzania 30, Uingereza siku 20 za kazi. Msingi ni mmoja: ofisi ya umma inatakiwa kutoa taarifa inayoishikilia. Haina wajibu wa kuketi na kukutungia maelezo mapya. Ukiomba maelezo umejitoa mwenyewe nje ya sheria.

Ila kuomba karatasi kuna ugumu wake. Utaiombaje usiyojua kwamba ipo? Hapa nilisaidiwa na mwongozo wa wakaguzi wenyewe. Ni kitabu cha wazi, kila shule inacho, na chetu kilikuwa kabatini kwa mwalimu mkuu hakijakunjuliwa. Nilikaa nacho siku mbili. Mle ndani imeandikwa kwamba kila somo linaloangaliwa linajaziwa fomu yake, kwamba mahojiano na walimu na wanafunzi yanaandikwa muhtasari, kwamba timu ikikaa pamoja inajaza jedwali linaloonyesha kila hitimisho limejengwa juu ya ushahidi gani. Jedwali! Kwa hiyo njia niliyokuwa naitafuta ilikuwa imeshachorwa, na sheria zao wenyewe zilitaka ichorwe.

Barua ya pili ilikuwa nusu ukurasa. Niliomba nakala za fomu za kuangalia somo kwa masomo yote ya kusoma yaliyoangaliwa madarasa ya chini tarehe zile mbili, nakala ya jedwali la ushahidi sehemu ya ufundishaji, na rasimu ya ripoti kabla haijahaririwa. Nikaongeza kwamba majina ya watoto, na lolote ambalo mtoto au mzazi alimwambia mkaguzi kwa siri, lifutwe. Hilo niliandika kwa moyo wote. Mtoto aliyemwambia mkaguzi kwamba mwalimu fulani anampiga anastahili kulindwa hadi mwisho, hata kama mwalimu huyo ni mimi.

Niliipeleka kwa mkono. Pale masjala alikuwepo mzee mmoja mpole, akaipokea, akaiweka kwenye trei. Nikamwomba agonge mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yangu.

"Iache tu mwalimu, itafika. Kwani huniamini?"

"Nakuamini mzee wangu. Ninachohitaji ni tarehe."

Akacheka, akagonga. Siku za kisheria zinahesabiwa kuanzia pale, na asiye na mhuri hana siku ya kwanza. Ikiwa utachukua jambo moja tu la vitendo kutoka kwangu, chukua hilo.

Kabla siku hazijaisha nilipigiwa simu. Sauti ya kijana, mstaarabu. "Mwalimu, kwani shida yako hasa ni nini? Tukikuelewa tunaweza kulimaliza hili bila barua." Nikamwambia sina shida na mtu, nimeomba nyaraka tatu. Akasema nyaraka zile ni za ndani, walimu huwa hawaziombi. Akasema pia, kwa namna ya kunijali, kwamba mwajiri wangu angeweza kuelewa vibaya. Nikamwomba hayo aliyoniambia aniandikie. Hakuandika.

Wiki hiyo hiyo mwalimu mkuu aliniita. Ni mama ninayemheshimu sana, amenilea kikazi. Alifunga mlango. "Wakirudi mwakani watatutafuta, mwalimu. Watatafuta mpaka chini ya mikeka." Sikumlaumu. Yeye ndiye anayebeba daraja la shule, jina lake ndilo linaloandikwa juu ya ripoti. Huko Uingereza mwaka 2022 mwalimu mkuu mmoja wa shule ya msingi mjini Reading alikaguliwa mwezi Novemba, shule yake ikashushwa daraja, na Januari 2023 akajitoa uhai. Uchunguzi wa kisheria wa kifo chake, Desemba mwaka huo, ulihitimisha kwamba ukaguzi ule ulichangia. Septemba 2024 serikali ya huko ikaacha kuzipa shule za umma hukumu moja ya jumla. Nalitaja jambo hili kwa hadhari, kwa sababu kuna familia nyuma yake. Lakini anayedhani hofu ya mwalimu mkuu ni kisingizio angepaswa kulijua.

Nilimwambia bosi wangu kwamba barua nimeiandika kama raia, kwa jina langu na anwani ya nyumbani, bila nembo ya shule. Haki ile haiulizi unafanya kazi wapi. Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi mimi sijaiona." Na hakuizungumzia tena.

Jibu rasmi lilikuja siku mbili kabla ya muda kuisha: ombi limekataliwa. Walitoa sababu tatu. Kwanza, fomu za kuangalia somo ni kumbukumbu binafsi za mkaguzi. Pili, zikitolewa wakaguzi wataogopa kuandika ukweli. Tatu, zina taarifa za watu wengine. Hii ya tatu ni ya haki, nami nilikuwa nimeshaijibu kwenye barua yenyewe. Ile ya kwanza haikuwa kweli. Fomu ina nembo ya taasisi, ina namba, mwongozo unaamuru ijazwe na ihifadhiwe. Mkaguzi akiacha kazi haondoki nayo. Karatasi ya namna hiyo haiwezi kuwa daftari la mtu binafsi.

Sababu ya pili ilinikaa moyoni siku nyingi, kwa sababu nilitaka kuipima kwa haki. Ni kweli kwamba mtu akijua maandishi yake yatasomwa anaandika kwa uangalifu zaidi. Lakini mimi huandika maoni kwenye kadi ya maendeleo ya kila mtoto, watoto 52, na kila kadi inasomwa na baba au mama wa mtoto huyo. Ningesema ukweli zaidi kama isingesomwa? Nimejiuliza kwa dhati. Nadhani ningeandika kwa haraka zaidi. Ningeandika "mvivu" pale ambapo sasa najilazimisha kuandika "hamalizi zoezi likizidi maswali matano". Kujua kwamba mama yake atasoma kunanifanya nimwangalie mtoto vizuri zaidi kabla ya kushika kalamu.

Katika siku zile za kungoja nilisoma pia historia ya kazi hii, maana ukaguzi wa shule tulionao umetoka mbali. Uingereza iliteua wakaguzi wake wawili wa kwanza mwaka 1839. Mwaka uliofuata wakapewa maelekezo ya kazi, na maelekezo hayo yalisema wazi kwamba ukaguzi haukukusudiwa kuwa chombo cha kutawala shule, ulikusudiwa kuzisaidia. Nilifurahi kuyasoma. Kisha nikafika mwaka 1862, serikali ileile ilipofunga ruzuku ya shule kwenye mahudhurio na matokeo ya watoto mbele ya mkaguzi: kusoma, kuandika, kuhesabu. Mkaguzi akawa anakuja na hesabu ya fedha. Walimu wakawakaririsha watoto vitabu vya kusomea, ili mkaguzi akifungua ukurasa wowote mtoto aseme hata kama haoni herufi. Utaratibu ule ulidumu hadi miaka ya 1890. Katika miaka 22 tu, msaidizi aligeuka kuwa mtu wa kudanganywa. Nimeona watoto wakikaririshwa hivyo kwa macho yangu, wiki moja kabla ya ugeni, na ninajua ni ugonjwa unaoota mahali ambapo shule inahukumiwa bila kuelezwa.

Nilikata rufaa. Sitaisimulia rufaa yenyewe, ni barua juu ya barua. Cha msingi ni kwamba karibu kila sheria ya aina hii ina ngazi ya pili nje ya ofisi iliyokukatalia, na watu wengi wanaishia kwenye ngazi ya kwanza kwa kuamini "hapana" ni mwisho wa safari. Mimi nilipanda. Mwezi wa sita bahasha ya kaki ikafika: kurasa 31, tisa kati yake zimefutwa kwa wino mweusi kuanzia juu hadi chini.

Sikuifungulia shuleni. Nilisubiri watoto wangu walale.

Masomo ya kusoma yaliyoangaliwa madarasa ya chini yalikuwa mawili. La mwenzangu lilipewa dakika 11. Langu, kwa saa alizoandika mkaguzi mwenyewe, dakika 12 za kipindi cha dakika 30. Dakika 23 kwa jumla, na juu yake imesimama sentensi inayosema kuhusu "madarasa ya chini". Fomu yangu ilikuwa na mwandiko mzuri, wa mtu aliyefundisha zamani. Na alikuwa ameona mengi. Hilo lazima nilikiri. Aliandika kwamba sauti yangu inasikika hadi nyuma, kwamba watoto wanaipenda hadithi. Aliandika "makundi hayajaanza". Kisha mistari miwili ambayo niliisoma nikairudia.

Wa kwanza: "Wan. 52, vitabu 13."

Wa pili: "Watatu, nyuma kulia, hawajafungua kitabu kipindi chote."

Nikaenda kwenye jedwali la ushahidi. Pale kwenye kusoma, safu ya sababu, mtu ameandika kwa kalamu nyingine: "vitabu 1:4, angalia". Nikaenda kwenye rasimu. Rasimu ina sentensi mbili: ufundishaji wa kusoma hauridhishi, na upungufu wa vitabu unachangia kwa kiasi kikubwa. Kwenye ripoti iliyobandikwa ubaoni imebaki moja.

Sijui ni nani aliyeifuta ya pili wala kwa nini, na nimejizuia kukisia. Huenda ilikuwa ni kupunguza kurasa. Ninachokijua ni kwamba mkaguzi aliyekaa darasani kwangu alihesabu vitabu. Hakuna aliyemwambia, aliinua kichwa akahesabu. Miezi yote ile nilikuwa nikimwaza kama mtu asiyejali. Kama kuna siku nitakutana naye nitamwomba radhi kwa hilo.

Sasa wale watatu wa nyuma kulia. Nilipousoma mstari ule kitu cha kwanza kilichonijia ni kujitetea. Halafu nikafumba macho nikaliona darasa. Vitabu 13 nilikuwa navigawa kuanzia dawati la mbele, kimoja kwa watoto wanne, na kona ile ya nyuma kulia ndiyo inayofikiwa mwisho. Siku ambayo kitabu kimoja kimesahaulika nyumbani au kimechanika, kona ile ndiyo inayokosa. Hawakukifungua kitabu kwa sababu hawakuwa nacho. Nami nimesimama mbele ya darasa lile mwaka mzima, nawaona wametulia, nikadhani wananisikiliza. Upungufu wa vitabu sikuuleta mimi, lakini kona ile niliipanga mimi. Mtu wa nje aliiona kwa dakika 12. Angeniambia Septemba, kona ile ingebadilika Septemba. Nimeambiwa Juni, tena kwa rufaa. Watoto wale watatu wamepoteza muda wote uliokuwa katikati, na hilo ndilo linaloniuma kuliko sifa yangu. Siku hizi vitabu naanza kuvigawa nyuma.

Nimeandika barua nyingine kwa taasisi, na safari hii siombi nyaraka, ninapendekeza. Ireland imekuwa ikichapisha ripoti za ukaguzi wa shule tangu mwaka 2006, na shule ikitaka, majibu yake yanachapishwa ndani ya ripoti hiyo hiyo. Mzazi anasoma pande zote mbili kwa pamoja. Nimeomba tuanze na hapo. Nimeomba pia kila ripoti iseme masomo mangapi yaliangaliwa na kwa dakika ngapi, na mwalimu aonyeshwe fomu ya somo lake mwenyewe kabla timu haijaondoka shuleni. Hili la mwisho haligharimu chochote, fomu imo mkononi mwa mkaguzi akiwa bado amekaa kwenye kiti cha nyuma. Najua Finland iliacha kabisa wakaguzi wa shule mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kuna wenzangu wanaitaja kila tukizungumza. Mimi siombi hilo. Mkaguzi asingekuja, nisingeijua ile kona.

Wiki iliyopita nilimtafuta yule mama wa getini. Nilikuwa nimetoa nakala ya ukurasa mmoja tu, wenye mistari ile miwili. Tulikaa kwenye benchi nje ya ofisi ya walimu. Nikamwambia kuhusu dakika, nikamwambia kuhusu makundi ambayo hayakuonekana, nikamwambia pia kuhusu kona ya nyuma kulia, kwa sababu mwanawe ni mmoja wa wale watatu. Hili nilikuwa nimelala nalo macho usiku kucha. Alinyamaza muda mrefu. Hakunilaumu na hakunifariji. Aliweka kidole juu ya ile 13 akakiacha hapo.

"Vitabu vinaletwa na nani, mwalimu?"

Nikamweleza ofisi inayogawa, na kwamba vikifika shuleni kuna hati ya kupokelea inayosainiwa, na nakala yake inabaki kwao.

"Kwa hiyo hiyo hati ipo."

"Ipo."

Akaomba kalamu. Nikampa na karatasi. Aliandika jina lake na anwani juu kulia, tarehe, kisha akaniangalia kama anayesubiri imla. Nikamwambia aandike anachotaka kukiona. Aliinama akaandika polepole, kwa herufi kubwa zilizosimama wima: "Naomba nakala ya hati ya kupokelea vitabu vya kusoma vya darasa la pili, mwaka huu na mwaka jana."